Mbogo Hasomi Namba ya Risasi

Kijiweni kwetu Majengo, hapa Dodoma, kuna mabishano mawili yasiyokwisha: Simba na Yanga, na bunduki gani inamlaza mbogo. La kwanza nawaachia wenyewe. La pili nina haki ya kulisemea, maana niliendesha gari la wawindaji misimu sita kule Rungwa, kwenye pori la akiba. Watu wanachagua risasi kwa ukubwa wa namba. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Hata hizo namba zenyewe hazina kanuni moja. .375 H&H ni kipenyo kwa inchi, karibu milimita 9.5, na herufi ni za Holland & Holland, mafundi bunduki wa London walioitoa mwaka 1912. .30-06 ya Wamarekani ni kipenyo na mwaka, 1906, jeshi lao lilipoipokea. Wajerumani huandika kipenyo na urefu wa ganda, vyote kwa milimita: 9.3x62. Juzi kijana mmoja alitwambia 62 ni kali kuliko 06. Ndugu yetu alikuwa analinganisha milimita na kalenda.

Imani ya kwamba kubwa ndiyo kali tumeirithi kutoka kwenye gobore. Baruti nyeusi ina kikomo cha kasi. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza ukubwa wa risasi yenyewe. Ndiyo maana wawindaji wa tembo wa karne ya 19 walibeba mitutu iliyomeza goroli la robo ratili, gramu zaidi ya 110, na wakishafyatua, moshi unawafunika wasimwone mnyama wala njia ya kukimbilia. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyo na moshi. Kasi ikapanda, risasi zikawa nyembamba na ndefu, zinapenya. Bunduki ikabadilika, mazungumzo ya kijiweni yakabaki kwenye gobore.

Lakini baruti mpya ilikuja na ugonjwa wake, na huu unatuhusu sisi wa jua kali. Kodaiti, baruti isiyo na moshi ya Waingereza, ilikuwa inachukia joto: risasi iliyopimwa kwenye baridi ya Uingereza, ikifika kwenye jua la tropiki, msukumo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, unapanda na ganda linanasa. Mbogo yuko hatua 20, wewe unavutana na bolti, kile kitasa cha kutolea ganda! Ndiyo sababu ganda la .375 H&H ni refu na limechongoka kuelekea mbele: linaingia kwa ulaini na kutoka kwa ulaini. Mtu akiniuliza kwa nini risasi ya 1912 bado ipo, simwambii habari ya nguvu. Namwambia inatoka kwenye chemba.

Waulize waliotumia .458 Winchester. Ilitoka mwaka 1956, risasi ya gramu 32 ndani ya ganda fupi, ili itoshee kwenye bunduki ya kawaida ya bei nafuu. Baruti ikabidi ishindiliwe, na katika zile za miaka ya mwanzo iliganda kama sukari iliyopata unyevu. Nyingine ziliwaka nusu nusu. Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na mbogo Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458, na mwaka 1971 akatengeneza ganda refu zaidi linaloitwa kwa jina lake. Kasoro ile ilikwisha zamani, lakini namba kubwa haikumkinga mtu.

Ile 9.3x62 inaniuma kidogo. Otto Bock wa Berlin aliitengeneza mwaka 1905 akiwafikiria Wajerumani waliokuwa makoloni ya Afrika, na kwetu kukiwemo. Iliingia kwenye Mauser, bunduki ya Kijerumani ya kawaida, wakati bunduki za mitutu miwili za Waingereza zilikuwa za matajiri. Leo kanuni zetu za uwindaji wa kitalii zinataka kaliba, yaani kipenyo, isiyopungua .375 kwa wanyama hatari, na yenyewe kwa inchi ni .366. Imetengenezwa kwa mapori ya namna hii, halafu kwa mbogo imekosa unywele. Basi, mstari lazima upite mahali.

Kuna mgeni mmoja alikuja kitaluni na .458 mpya. Asubuhi ya kupima shabaha ilipiga teke begani mara tatu, na kuanzia hapo akawa anafumba macho kabla hajafyatua. Sote tuliona, hakuna aliyesema. Mbogo alipigwa tumboni saa tatu asubuhi. Mwindaji bingwa na mfuata nyayo wetu walimfuata kwenye kichaka hadi saa kumi jioni, mimi nimekaa kwenye gari nasikiliza. Mgeni naye alikuwa kwenye gari, anakunywa maji.

Wengine hunijibu kwa Bell, yule Mskoti aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7. Sawa, lakini Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, na alitumia risasi za gamba gumu zisizopasuka. Wewe umepasua fuvu gani?

Kwa swala pala au ngiri, .30-06 yenye risasi ya gramu 11 na ushee inatosha na kubaki. Kwa mbogo nachukua .375 yenye risasi ya gramu 19, ile ngumu, na .458 aibebe mwindaji bingwa anayesimama pembeni, aliyezoea teke lake. Na kama enzi zile kabla hatujaondoka mjini Itigi kwenda porini, nauliza: nani ameacha boksi la risasi juu ya dashibodi? Jua la Oktoba hili, liingizeni kivulini.