Pishi la mtandaoni: lipi ulifuate lilivyo, lipi ulipime upya

Mapishi ya TikTok, YouTube na Instagram yana watu wa pande mbili. Wapo wanaosema yamewasaidia sana: kijana anayejipikia geto, binti aliyeolewa mbali na kwao, Mzanzibari aliyeko Muscat anayetaka mkate wa kumimina na hana wa kumuuliza. Wapo pia wanaoona ni njia ya kuharibu unga, mayai na mafuta. Ukiwasikiliza vizuri utakuta mara nyingi hawazungumzii chakula kimoja. Anayesifu kapika mchuzi, chapati au vitumbua. Anayelaumu kaoka keki. Mchuzi unarekebishika ukiwa motoni, na kitumbua cha kwanza kikiharibika, uji uliobaki bado unatengenezeka. Keki ikishaingia kwenye moto, hakuna cha kuongeza wala kupunguza.

Tuanze na vitumbua, maana hapo video inashinda kitabu chochote. Kwa maandishi pishi lake ni fupi: mchele gramu 500 uliolala kwenye maji usiku kucha, tui zito mililita 350 hivi, sukari gramu 120 hadi 150, hamira kijiko kimoja cha chai, hiliki. Saga, acha uumuke, choma kwenye karai lake kwa moto mdogo. Kisha maandishi yanakwambia uji uwe "mzito kiasi", na hapo asiyewahi kuuona anaachwa njiani. Video inamwonyesha: ukiinua upawa, uji unashuka kwa mkanda usiokatika, na alama yake inakaa juu sekunde mbili tatu kabla ya kupotea. Inamwonyesha pia wakati wa kugeuza, pale kingo zinapokauka na vijitundu kufunguka juu. Hayo hayaandikiki kirahisi.

Video hiyohiyo, lakini, ina mambo inayoyaruka. Mchele uliolowekwa hunywa maji kwa karibu robo ya uzito wake au zaidi, na usipochujwa vizuri unaingia kwenye blenda na maji mengine ya ziada. Ukimimina tui lote kwa mpigo, uji unakuwa mwepesi na vitumbua vinatoka bapa. Dawa ni kuanza na mililita 250 za tui, kusaga, kisha kuongeza kidogo kidogo hadi uone ule mkanda. Sugua tone la uji kati ya vidole. Ukisikia chenga, rudisha kwenye blenda, kwa sababu chenga huzama chini ya bakuli na juu kunabaki maji. Mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa usiutumie kabisa: wanga wake umeshaiva na hausagiki ukashikana kama wa mchele mweupe wa kawaida.

Halafu kuna muda. "Acha dakika 30" ni dakika 30 za pale ilipopigwa video. Dar es Salaam mchana wa Februari uji huumuka upesi. Njombe mwezi wa Julai unaweza kuhitaji saa mbili. Angalia povu na ujazo, uiache saa. Ukipitiliza, uji unanuka uchachu na kusinyaa unapoukoroga, na vitumbua vinakuwa vizito.

Chapati ni hivyo hivyo: unga gramu 500, maji mililita 300 na kuendelea kidogo, na macho yanajifunza ulaini wa donge kwenye video kuliko kwenye maelezo ya ukurasa mzima. Michuzi haihitaji maneno mengi, onja tu.

Sasa keki. Tatizo la kwanza ni kikombe. Kikombe cha vipimo cha Marekani ni mililita 240 hivi, cha nchi nyingine ni 250, na cha chai cha nyumbani kinaweza kubeba 200 au 350. Hata kikombe kikiwa sahihi, unga uliojazwa kwa kijiko bila kushindiliwa ni gramu 125 hivi, na ule uliochotwa kwa kuzamisha kikombe kwenye mfuko unafika 150. Kwenye vikombe vinne tofauti hiyo ni gramu 100, na keki yenye gramu 100 za unga zisizohitajika inakuwa kavu na kupasuka juu.

La pili ni mayai, na hili halisemwi vya kutosha. Yai kubwa la dukani katika video za nje lina gramu 50 hivi bila ganda. La kuku wa kienyeji linaweza kuwa na gramu 40 pamoja na ganda lake. Mayai manne ya kienyeji badala ya manne makubwa ni upungufu wa yai zima au zaidi, na mtu analaumu oveni bure.

Yapo na mengine ya hatari kidogo. Nyuzi 350 kwenye video ya Kimarekani ni za Faranhaiti, sawa na takriban 180 za Selsiasi. Magadi soda ina nguvu kama mara tatu ya beking pauda, tena inahitaji kitu kichachu kama mtindi au ndimu. Ukiiweka kijiko kwa kijiko mahali pa beking pauda, keki inageuka rangi na kuonja sabuni. Siagi ya kupaka yenye mafuta kidogo ina maji mengi, na haishiki hewa unapoipiga na sukari.

Wapishi wa nyanda za juu wana lao. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na gesi ndani ya keki hutanuka haraka kuliko unga unavyoiva. Inapanda vizuri, kisha inabonyea katikati. Punguza beking pauda kwa robo hivi na uongeze vijiko viwili vya maziwa. Na kwa anayeokea kwenye mkaa, kanuni ni makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, mchanga mkavu kimo cha vidole viwili ndani ya sufuria kubwa, na usifunue kabla ya dakika 25.

Watetezi wa video hujibu kwamba hata bibi zetu hawakuwa na mizani. Ni kweli, na hoja hii ina uzito. Lakini bibi alikadiria kwa kikombe kimoja, jiko moja na unga wa duka moja kwa miaka mingi, na anayejifunza alisimama pembeni yake akitumia vitu vilevile. Kadirio la mtu aliye Texas au Dubai halina jiko lako ndani yake.

Ndiyo maana mapishi yanayosafiri salama ni yale ya uwiano. Kahawa ya dalgona iliyoenea dunia nzima mwaka 2020 ni mfano mzuri: kahawa ya unga inayoyeyuka, sukari na maji moto, vijiko viwili viwili vya chakula, inapigwa hadi isimame. Kijiko chochote kinafaa, mradi ni kilekile. Inashindikana kwa anayetumia kahawa ya kusaga, kwa sababu hiyo haiyeyuki na haishiki povu.

Kuna sehemu moja ambayo haina pande mbili, nayo ni usalama. Maharage mekundu makavu yakipikwa kwa moto hafifu tu hubaki na sumu inayoleta kutapika na kuhara. Loweka saa tano au zaidi, mwaga maji, chemsha kwa nguvu angalau dakika 30. Kitunguu swaumu kibichi ndani ya mafuta kisikae kabatini, kwani bakteria wa botulismu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, hukua pasipo hewa. Weka kwenye friji na ukimalize ndani ya siku nne. Septemba 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ililazimika kuwaonya watu wasipike kuku kwa dawa ya mafua na kikohozi, pishi lililokuwa likizunguka mtandaoni.

Kabla ya kununua vitu, tafuta video inayotaja gramu, inayoonyesha mchanganyiko kabla haujaingia motoni, na inayokata chakula ili uone ndani. Hamira ipime: maji ya uvuguvugu na sukari, povu litoke ndani ya dakika 10. Beking pauda iweke kwenye maji moto, ichemke papo hapo. Kisha pika nusu. Keki ya kujaribia inatosha na gramu 125 za unga, 125 za siagi, 125 za sukari na 125 za mayai yaliyokwisha kupigwa, beking pauda kijiko kimoja cha chai, kwenye chombo cha sentimita 15. Chomeka kijiti dakika ya 25, na kila dakika tano baada ya hapo, uandike kilitoka kikavu dakika ya ngapi na kwenye jiko gani.