Kokopiti si udongo, usiilishe pilipili kana kwamba ni udongo

Wengi wanaohamia kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, huendelea kumwagilia na kuweka mbolea kwa mazoea ya shambani. Pilipili zikidumaa, lawama huangukia mbegu. Kwa maoni yangu hakuna kitu kizuri kuliko kokopiti kwa pilipili ya kwenye chungu, ila yenyewe haina chakula, na isipoandaliwa huunyang'anya mche hata kile kidogo unachoupa.

Kosa kubwa hutokea kabla ya kupanda. Nyuzi za makumbi huja zimeshika potasiamu na sodiamu. Ukimimina mbolea, nyuzi hizo hunasa kalsiamu na magnesiamu na kuziachia zile mbili kwenye maji ya mizizi. Kuosha kwa maji matupu huondoa chumvi iliyo huru tu, iliyong'ang'ania hubaki. Kwa hiyo fumua tofali lako la kokopiti iliyoshindiliwa kwa maji safi (la kilo 5 hutoa lita 60 au zaidi), lichuje, kisha liloweke saa 12 hadi 24 katika maji yenye gramu 2 za kalsiamu naitreti kwa kila lita. Chuja tena na usuuze kidogo. Pakiti ikiandikwa kwamba imeoshwa, bado loweka, maana kuosha hakufanyi kazi hiyo.

Changanya sehemu 7 za kokopiti na 3 za perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kupitisha hewa na maji), au mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa. Mche mmoja unatosheka na chungu cha lita 10 hadi 15 chenye matundu ya kutosha. Kokoto chini ya chungu sizikubali hata kidogo. Maji hayatoki kwenye chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa mpaka chembe hizo zishibe, hivyo kokoto hupandisha tu tabaka lililoloa likaikaribia mizizi.

Anza kulisha majani halisi ya kwanza yakifunguka, EC (kipimo cha wingi wa chumvi za mbolea kwenye maji, kwa mS/cm) ikiwa 0.8 hadi 1.2. Mmea ukishika kasi, panda hadi 1.5 au 2.0, ukibeba matunda, 2.0 hadi 2.5. pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikae kati ya 5.8 na 6.2. Ikizidi 6.5, mizizi hushindwa kuchukua madini ya chuma, na majani machanga huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kalsiamu naitreti na magnesiamu salfeti zisikutane zikiwa nzito katika chombo kimoja: huunda jasi, unga mweupe unaotuama chini bila kuufaa mmea. Yeyusha moja kwenye maji mengi kwanza, ndipo uongeze nyingine.

Kila unapomwagilia, acha asilimia 10 hadi 20 ya maji itoke chini. Inauma kuona mbolea ikimwagika, lakini kumwagilia kwa vijiko hulimbikiza chumvi mpaka ncha za majani ziungue. Pima maji yanayotoka: EC yake ikizidi ya yaliyoingia kwa 1 au zaidi, pitisha mbolea hafifu nyingi mpaka ishuke. Usitumie maji matupu, kwa kuwa kokopiti yenyewe haina chakula.

Doa la kahawia linalolegea na kukauka upande wa ncha ya tunda ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, ingawa mara nyingi kalsiamu imejaa kwenye chungu. Husafiri na maji tu, na chungu kikikauka mchana kisha kikaloweshwa jioni, majani hujipatia na tunda hukosa. Kunyunyizia kalsiamu kwenye majani hakusaidii sana, kwa sababu haihami kutoka jani kwenda tunda. Gawanya maji ya siku mara mbili au tatu, na punguza EC kidogo siku za joto kali.

Maua yakidondoka joto la mchana likipita nyuzi 35, usiongeze mbolea. Weka kivuli chepesi saa za jua kali. Hali ikipoa, maua mapya yatashika.