Barua Inakwenda Wapi? Wanafunzi, Ofisi na Nidhamu ya Woga

Kila aliyesoma shule Tanzania amewahi kuandika barua rasmi. Anwani mbili, tarehe, kichwa kinachoanza na YAH na kupigiwa mstari, aya tatu, kisha "Wako mtiifu", saini na jina. Mwalimu husahihisha, hutoa alama, na barua hubaki kwenye daftari mpaka siku daftari litakapochanwa kufungia karanga. Haitumwi popote. Mtoto anamaliza shule akijua barua inavyoanza na inavyoisha, lakini hajui inakwenda wapi ikishaondoka mkononi mwake.

Mimi nilisomea uhazili, yaani kazi ya ukatibu, huko Tabora, enzi za taipureta na hatimkato (maandishi ya mkato ya kunukuu maneno haraka), nikafanya kazi masijala, panapopokelewa barua na kutunzwa majalada, na baadaye nikawa katibu mahsusi katika ofisi za umma. Kwa hiyo swali la kama wanafunzi wafundishwe kazi za ofisini, pamoja na kile kinachoitwa mtazamo mzuri wa kazi, kwangu ni jambo la maisha yangu yote. Siku hizi limerudi. Tangu mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, uanze mwaka 2024 kwa baadhi ya wanafunzi wa kidato cha kwanza, wazazi wanauliza: kama uashi, umeme na ushonaji vinafundishwa sekondari, kwa nini kazi ya ofisi isifundishwe? Wengine wanashtuka hata kusikia pendekezo hilo. Nimewasikiliza wote, na kila upande una hoja nzito.

Nianze na ninaowaunga mkono kwa moyo. Kila mwaka ofisini tulikuwa tukipokea vijana wa field, yaani wa mafunzo kwa vitendo. Namkumbuka binti mmoja, siku yake ya pili, amepewa fungu la barua azifunge kwenye majalada. Alichukua panchi akatoboa katikati ya tarehe. Barua mpya akaiweka chini ya za zamani. Hakuandika namba ya folio, kwa sababu hakuwa ameelezwa kwamba kila karatasi ndani ya jalada ina namba yake kwenye kona ya juu kulia, na kwamba bila namba hiyo karatasi inaweza kuchomolewa na asiwepo wa kuthibitisha kuwa iliwahi kuwamo. Mwenzangu alipoona akampigia kelele mbele ya wageni: "Shuleni mlisoma nini?" Yule binti alikaa saa nzima bila kuinua uso. Kesho yake hakuja.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na kijana mwingine wa umri wake, mwenye cheti kama chake. Yeye alijua kusalimia mgeni, kumpa kiti na daftari la wageni, kuuliza shida yake na kumpeleka panapohusika. Alijua tofauti ya barua na dokezo, yale maelezo ambayo watumishi huandikiana ndani ya jalada. Aliyajua wapi? Mama yake alikuwa afisa, na likizo zake za utotoni alizimaliza ofisini kwa mama, akichora nyuma ya karatasi zilizoharibika. Hayo hayakuandikwa kwenye cheti chake, ila ndiyo yaliyombeba. Mtoto wa mkulima au wa mama lishe anaingia ofisini kwa mara ya kwanza siku anapokuja kutafuta kitu, na kila mtu mle ndani anadhani anapaswa kuwa anajua. Shule isipomfundisha, hana pengine pa kujifunza. Hii ndiyo hoja inayonigusa kuliko zote, na sijamsikia mpinzani yeyote akiijibu.

Wanaopinga nao wana historia mkononi. Wajerumani walipofungua shule yao ya serikali Tanga, miaka ya 1890, walikuwa wanatafuta makarani, wakalimani na maakida (wasimamizi wa maeneo) wa kuendeshea utawala wao. Waingereza waliendelea na kazi hiyo kwa namna yao. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilisema wazi: elimu ya mkoloni iliandaa watu wa kuitumikia serikali ya mkoloni, wakiwamo makarani na maofisa wadogo, na ikamwacha kijana akimdharau baba yake mkulima. Mtu aliyekulia katika mawazo hayo akisikia tuwafundishe watoto kazi za ofisini anauliza, kwa haki kabisa, kama tunarudi kulekule tulikotoka.

Tena kuna suala la ajira. Nafasi za ofisini ni chache, waombaji ni maelfu. Tangazo la kazi ya katibu mahsusi linataka kidato cha nne, mafunzo ya uhazili, hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika, na kompyuta. Unamfundisha mtoto wa miaka 14 kupenda meza na kiti cha kuzunguka, halafu unamwachia mtaa wenye bodaboda, genge na shamba? Ni kumpa kiu bila maji. Hoja hii siwezi kuipuuza, maana nimewaona vijana waliokaa nyumbani miaka mitano wakingoja usaili huku wakiona aibu kuuza mkaa.

Lakini pingamizi linalonisumbua zaidi ni la hili neno "mtazamo mzuri". Ukilikuna utaona chini yake mambo mawili tofauti. Kuna kuwahi kazini, kutunza siri, kumaliza ulichoanza, kumjibu mwananchi kwa lugha nzuri. Hayo ni mema na sina ugomvi nayo. Halafu kuna kunyamaza, kutouliza, kucheka mkubwa anapocheka na kukubali kutumwa lolote. Haya ya pili Waswahili tumekwisha kuyapa jina: nidhamu ya woga. Watoto wetu hawahitaji kufundishwa nidhamu ya woga. Wanaijua kabla ya kujua kusoma.

Mfikirie binti wa field tena. Anaingia asubuhi, anapita meza kwa meza: shikamoo, shikamoo, shikamoo. Vizuri, ndiyo malezi yetu. Mmoja anamwita "mdogo wangu", anampa elfu mbili akalete vitumbua na chai. Wa pili anamtuma vocha. Wa tatu, mtu mzima mwenye cheo, anamwambia apitishe fomu yake ya tathmini jioni, watu wakishaondoka. Nyumbani amefundishwa mtoto hutumwa, na anayetumwa hakatai. Shuleni amefundishwa "Wako mtiifu". Kama somo la ofisi nalo litamfundisha kwamba mfanyakazi mwema hana maneno mengi, tumemkabidhi kwa yule wa tatu mikono ikiwa imefungwa. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, imo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na simu ya TAKUKURU 113 hailipiwi. Shule nyingi zina klabu za wapinga rushwa. Kijana anayekwenda field anapaswa kuondoka shuleni akiwa na hilo kichwani kama anavyoondoka na barua yake ya utambulisho.

Na nchi yetu imewahi kuonja ugumu wa kupima mtazamo wa kijana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, na ili kuingia chuo kikuu walihitaji kupendekezwa na mwajiri pamoja na tawi la chama. Nia ilikuwa njema: kuzuia wasomi wasiojua jasho. Ila ukishaweka mustakabali wa kijana ndani ya kalamu ya mkubwa wake wa kazi, kijana atajifunza kwanza kumpendeza mkubwa, kazi itafuata baadaye. Ndivyo binadamu alivyo.

Nimelipima kwa muda mrefu na msimamo wangu ni kwamba wafundishwe, tena mapema, lakini wafundishwe kazi yenyewe. Mtazamo usitengewe kipindi chake cha mahubiri. Heshima ya kazi humwingia mtu anapoelewa kazi inafanya nini na nani ataumia ikiharibika. Hilo nililiona kwa macho yangu hivi karibuni, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya kata ya mtaani kwetu aliponiomba nije niwasaidie kidato cha pili kwenye somo la barua rasmi.

Nilikwenda na jalada tupu, panchi, tagi, muhuri wa tarehe na daftari la kusajili barua. Meza moja ikawa masijala, nyingine ya mkuu wa ofisi, ya tatu ya afisa. Mwanafunzi akaleta barua yake. Ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikaandikwa kwenye rejesta: imetoka kwa nani, ya lini, inahusu nini. Ikaenda kwa mkuu, naye akaandika pembeni nani ashughulikie. Ikarudi masijala, ikafungwa kwenye jalada, ikapewa folio, na jalada likapelekwa kwa afisa huku likiandikwa limekwenda kwa nani na siku gani. Afisa akaandika dokezo: kutokana na folio ya 1, napendekeza hivi. Mkuu akaridhia. Jibu likaandikwa, nalo likapewa folio ya 2.

Katikati ya zoezi mvulana mmoja aliyekuwa "afisa" aliliweka jalada chini ya dawati akaendelea na mazungumzo. Mwenye barua akaja kuulizia. "Njoo kesho," akajibiwa, na darasa likacheka kwa kuwa wote wanalijua neno hilo. Nikamwita yule mwenye barua nikamwuliza alikuwa anaomba nini. Alikuwa ameandika barua ya kumwombea bibi yake, ambaye kweli yupo, asaidiwe matibabu. Kicheko kikaisha. Mvulana akalitoa jalada chini ya dawati mwenyewe. Sikuhitaji kusema neno juu ya mtazamo.

Hapo ndipo hoja ya ajira kwangu inapopoteza nguvu, ingawa ni ya kweli. Wengi wa watoto wale hawatakaa kwenye kiti cha ofisi. Wote, bila kubaki hata mmoja, watasimama mbele ya meza ya ofisi: serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa RITA, kiwanja, mirathi ya mzazi, mkopo wa kikundi. Anayejua jalada linavyotembea ataomba nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Atauliza kumbukumbu namba. Akiambiwa barua haionekani, ataomba rejesta ya tarehe fulani iangaliwe. Muuza mkaa anayejua hayo si rahisi kuzungushwa. Makarani wa mkoloni walifundishwa ofisi ili wawatawale wenzao. Mimi nataka mtoto aifahamu ofisi ili isimtishe.

Na pamoja na kazi zije haki, katika pumzi ileile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inatoa siku 28 za likizo ya mwaka na siku 84 za uzazi kwa mama. Mwanafunzi anayekariri kwamba mfanyakazi mzuri huwahi saa moja na nusu asubuhi ajue pia siku ya kazi ina mwisho. Wapo wakubwa watakaosema tunawapa watoto kiburi. Katika miaka yangu yote sijaona ofisi iliyoharibiwa na kijana anayejua haki zake. Nimeona kadhaa zilizoharibiwa na watu wazima waliokaa kimya.

Kuhusu muda, walimu wana haki ya kulalamika, kwa maana ratiba imejaa. Ndiyo sababu sipendekezi somo jipya. Barua rasmi imo tayari kwenye Kiswahili. Iongezewe vipindi viwili vya kuifuata inapokwenda, na wastaafu kama sisi tupo mitaani, tunaitika tukiitwa. Na wanaosema karatasi zimepitwa, kwamba serikali sasa inatumia Ofisi Mtandao, mfumo wa kushughulikia majalada kwenye kompyuta, nawajibu kwamba hata kwenye kompyuta majalada na madokezo bado yapo, na bado kuna mtu anayeweza kuliacha jalada kwenye kisanduku chake bila kuligusa.

Darasa lile halikuishia kwenye maigizo. Mbele ya geti la shule kuna mtaro ulioziba, mvua ikinyesha wadogo wanavuka maji machafu. Walikubaliana waandike barua kwa serikali ya mtaa, safari hii ya kweli. Waliirudia mara nne. Kwenye nakala ya mwisho msichana mmoja aliuliza kama ni lazima kumalizia na "Wako mtiifu". Tukaijadili, wakapiga kura, wakaandika "Wenu katika ujenzi wa mtaa wetu". Wawili waliipeleka wenyewe wakarudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na wakati naandika haya hiyo nakala imebandikwa ukutani darasani. Hii ni wiki ya tatu na jibu halijaja. Jumatatu baada ya vipindi wanakwenda kuuliza jalada liko meza ya nani.