Haidrojeni juu ya lithiamu: ni mahali pake kweli?

Majedwali mengi ya elementi yanaiweka haidrojeni kundi la 1, yaani safu ya wima ya kwanza, juu ya lithiamu, sodiamu na potasiamu. Wako wanakemia wanaotaka ihamishiwe kundi la 17, juu ya florini, na mara nyingi hoja yao hutupwa kabla haijasikilizwa.

Wanaotetea kundi la 1 hawakosi msingi. Haidrojeni ina elektroni moja tu, kama lithiamu na wenzake walivyo na moja ya nje, na kwenye asidi huipoteza na kubaki na chaji chanya.

Ila jedwali halikuanza na elektroni. Mwanakemia Mrusi Mendeleev alilipanga mwaka 1869, miaka 28 kabla ya elektroni kugunduliwa, akifuata uzito wa atomu na tabia za elementi. Basi tutazame tabia. Nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza ni kilojuli (kJ) 419 kwa moli (kipimo cha idadi ya atomu) kwa potasiamu, 496 kwa sodiamu, 520 kwa lithiamu. Haidrojeni ni 1312! Kutoka potasiamu hadi lithiamu tumepanda 101. Hatua moja zaidi, tunaruka 792. Utaambiwa mstari wa kwanza una mambo yake, kwa kuwa elektroni iko karibu mno na kiini na hakuna nyingine ya kuikinga na mvuto wake. Sawa, lakini heli iko mstari huohuo, na imeizidi neoni, iliyo chini yake katika kundi, kwa 291 tu. Namba 1312 inakaa jirani na klorini, yenye 1251.

Tena haidrojeni ni gesi ya molekuli za atomu mbilimbili, kama florini na klorini. Huyeyuka kwenye nyuzi −259 za Selsiasi, florini −220; lithiamu ni metali inayosubiri 180. Ukiyeyusha haidridi ya lithiamu (mchanganyiko wa kikemia wa lithiamu na haidrojeni) na kupitisha umeme, haidrojeni hutokea kwenye anodi, yaani ncha chanya, palepale inapotokea klorini ukifanya hivyo kwa chumvi ya mezani.

Kundi la 17 nalo lina kasoro, na si ndogo. Juu ya florini yenye 1681 tungetarajia namba kubwa zaidi, na haidrojeni haifiki. Halafu klorini yenye elektroni ya ziada imetulia baharini siku zote, wakati haidrojeni ya namna hiyo ikigusa maji hugeuka gesi papo hapo.

Kwa hiyo kuihamisha moja kwa moja siungi mkono. Ningeichapa mara mbili, juu ya lithiamu na juu ya florini, kama baadhi ya majedwali yalivyowahi kufanya, na kila mahali mwanafunzi aone namba zinazokubali na zinazokataa.