Askari mstaafu atibiwe wapi: hospitali ya jeshi au zahanati ya kijijini?

Wanajeshi wastaafu wa huku Nyanda za Juu Kusini wanapozungumzia afya ya akili, wengi hutaka jeshi liwafungulie kliniki zao wenyewe, kwa sababu raia hawezi kuelewa mtu alichotoka nacho vitani. Wahudumu wa afya wa kiraia nao hujibu kwamba ugonjwa ni ugonjwa, na aliyewahi kuvaa gwanda apange foleni na wengine. Kila upande una hoja nzito, lakini hakuna ulioshika jambo zima.

Waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 sasa ni wazee. Nyuma yao wako vijana waliopelekwa kulinda amani. Julai 2013 wanajeshi wetu saba waliuawa Darfur, Sudan. Desemba 2017 wengine zaidi ya kumi waliuawa Semuliki, Kongo, na makumi wakajeruhiwa. Waliokufa tuliwaaga kwa heshima zote, lakini wenzao waliorudi na viungo vyote hatukuwauliza wanalalaje.

Kuna mzee wa Mufindi ambaye masika radi ikipiga hutoka nje gizani na kuchutama ukutani mpaka kupambazuke. Mkewe alishahamia chumba cha watoto, kwa kuwa mume hurusha ngumi usingizini. Jioni mzee yuko kilabuni, maana bila ulanzi usingizi hauji, na ulanzi wenyewe humwamsha saa nane za usiku moyo ukimwenda mbio. Jirani mmoja anasema amerogwa, mwingine anasema damu za watu zinamlilia. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetamka kwamba huenda baba huyu ni mgonjwa na anatibika.

Mtu kama huyo ukimpeleka zahanati, atamkuta muuguzi binti wa jirani yake. Atamwambia mgongo unauma, apewe dawa ya maumivu, arudi nyumbani. Hawezi kumsimulia binti huyo aliyoyafanya porini. Mbele ya askari mwenzake hahitaji kueleza doria ni nini, wala kuviziwa ni nini. Hapo wastaafu wana haki, na anayewaambia wapange foleni tu hajawahi kukaa nao.

Ila hospitali ya jeshi nayo ina mipaka yake. Aliye kazini huogopa kwamba akisema halali usiku, habari itamfikia mkuu wake na jina lake litakatwa kwenye orodha ya safari ijayo. Hunyamaza mpaka anastaafu. Halafu kuna umbali. Lugalo, hospitali kuu ya jeshi, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na hunywewa kwa miezi mingi. Mzee wa Makete akiambiwa afuate dawa mkoa mwingine, ataacha nauli ikimwishia. Na mgambo waliopelekwa Kagera kisha wakarudi kwenye majembe yao, kliniki ya wenye namba za jeshi itawapokea kwa karatasi gani?

Ndiyo maana naona dawa na ufuatiliaji vikae kwenye zahanati na vituo vya afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulitayarishwa ili hata wahudumu wasio mabingwa waweze kutambua na kutibu magonjwa haya. Kazi ya kuzungumza na wagonjwa ndiyo wapewe wastaafu wenyewe. Marekani ilianza hivyo mwaka 1979 kwa waliotoka Vietnam: vituo vya ushauri vikawekwa mitaani, nje ya hospitali, na wengi wa washauri walikuwa askari wa zamani. Zimbabwe nayo tangu mwaka 2006 imefundisha mabibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza kwa utaratibu.

Hatari ipo. Mstaafu asiyefundishwa anaweza kumwambia mwenzake avumilie kiume, au wakaishia kilabuni wote wawili. Kwa hiyo wafundishwe, wasimamiwe na mhudumu wa afya, na wajue kwamba anayesema anataka kujiua hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, haachwi mpaka kikao kijacho.

Jeshi lenyewe lisijivue mzigo. Kabla askari hajakabidhi vifaa, apimwe akili kama anavyopimwa macho na mapafu, na kwa ridhaa yake apewe barua ya kwenda hospitali iliyo karibu na anakohamia. Mkewe naye aitwe siku hiyo, aelezwe dalili za kuangalia na mahali pa kwenda, kwa sababu atakayemwona anaposhtuka usiku ni yeye. Halmashauri igharamie dawa. Mafunzo na posho za hao washauri wastaafu zitoke jeshini, maana ndilo lililowapeleka watu hawa walikokwenda.