Posa Iliyopigwa Muhuri wa Mwana Haramu

Najua mshaisikia habari ya barua yangu ya posa na pete yangu ya muhuri. Rafiki yangu aliyebeba sinia ameshaitia sauti yake kwenye magrupu yote, na kwenye kisa chake kuna mtu kazimia. Hakuzimia mtu. Ami yangu alipandisha sauti tu. Sasa nisikilizeni mimi mwenye pete.

Nembo yenyewe ilikuwa nzuri, na hapo sirudi nyuma. Mimi ni sonara, si mtu wa kununua mtandaoni "nembo ya jina lako". Zile biashara zinauza hewa: kwa taratibu za Waingereza ngao (ndiyo nembo ya ukoo) hupewa mtu na kizazi chake, haipewi kila anayeitwa Smith. Jirani zetu Kenya wana hata Chuo cha Nembo, ofisi inayotoa ngao, kwa sheria ya mwaka 1968. Mimi huku Unguja nilijichorea mwenyewe, nikakaa mbali kabisa na Nembo ya Taifa, maana hiyo ina sheria yake.

Nikachora uwanja wa buluu, mshazari (mkanda uliokata ngao kwa upande) wa dhahabu, na juu ya mshazari karafuu tatu nyeusi, kwa heshima ya babu na shamba lake la Pemba. Kanuni kubwa ya ngao niliifuata: dhahabu na fedha huhesabiwa madini, zilizobaki ni rangi, na hupandishi rangi juu ya rangi wala madini juu ya madini. Kaulimbiu ya maneno manne niliitupa. Uso wa pete ni milimita 16 kwa 14, na herufi iliyo chini ya milimita moja ukiigandamiza kwenye lakiri, ile nta ngumu ya kufungia barua, inatoka uji.

Sasa, pete ya fedha haina buluu. Ndiyo maana mafundi hutumia alama alizozieneza padri Mjesuiti Silvestro Pietrasanta katika kitabu chake cha 1638: dhahabu ni vitone, fedha huachwa tupu, buluu ni mistari ya kulala, nyekundu ya kusimama, nyeusi ni hiyo miwili imekatana. Kijani ni mistari ya mshazari, na zambarau ni mshazari wa upande wa pili. Tazameni hapo vizuri. Mistari ya kulala ukiitia kwenye kioo inabaki ya kulala. Vitone vinabaki vitone. Karafuu nayo ina kichwa na kikonyo, haina kulia wala kushoto. Laiti ningechagua kijani, kingegeuka zambarau na ningeshtuka mapema. Mimi nikachagua buluu. (Watu wa Tanga, acheni kucheka, bado hatujafika.)

Pete nilianza na nta, nikaizungushia plasta, nikaichoma tanurini mpaka nta yote ikatoka, nikamimina fedha ya 925, yaani sehemu 925 kwa elfu ni fedha safi. Uso niliuacha unene wa milimita mbili na nusu, kwa sababu muhuri huchongwa kwa kina, na pete nyembamba itatoboka au itapinda. Mistari ya uwanja ilikuwa mitatu kwa kila milimita, ya juujuu tu. Karafuu nilizizamisha karibu milimita nzima, kwani kinachozama kwenye pete ndicho kinachosimama kwenye lakiri. Na kung'arisha nilifanya kabla ya kuchonga. Ukishachonga, ukiipeleka kwenye mashine ya kung'arishia, kingo zote zinalainika na muhuri unatoka umevimba.

Na kila sonara anajua muhuri huchongwa kinyume. Najua mimi, anajua na mwanafunzi wangu. Utaratibu wangu ni huu: nachora kubwa kwenye karatasi, napunguza, nachapisha kwa mashine ya leza, nailaza chapa kifudifudi juu ya fedha na kuisugua kwa pamba yenye asetoni. Wino unahamia kwenye fedha, na kwa kulazwa kifudifudi mchoro unajigeuza wenyewe.

Kijana wa duka la kuchapishia akaniuliza, "Ya nini hii, kaka?" Nikajibu kwa maringo, "Ya muhuri." Yeye kazi yake ya kila siku ni mihuri ya mpira. Akanisaidia. Akaigeuza kabla ya kuchapa.

Mmeshaona. Yeye kageuza, asetoni ikageuza tena, na kitu kilichopinduliwa mara mbili kimerudi kama kilivyokuwa. Nikachonga vilevile. Kidoleni ilionekana imenyooka, kila mtu akaisifu, na hapo ndipo ningestuka: pete ya muhuri ikionekana sawasawa kidoleni, kwenye lakiri itatoka kombo. Kuna jaribio la dakika moja la kuligundua hilo: unaufukiza uso wa pete kwa moshi wa mshumaa, unaubandika kwenye karatasi yenye unyevu, unatazama. Mshumaa nilikuwa nao. Moshi niliuona kazi nyingi mno.

Barua ya posa aliandika ami na kuipiga lakiri ni ami, kwa kuwa si adabu bwana harusi ajiposee. Mimi nilimwelekeza kwa simu: dimbwi la lakiri la sentimita mbili, subiri ukingo ufifie, pete iwe imetoka barafuni na imepakwa mafuta kidogo, la sivyo itanata. Barua sikuiona. Iliingia kwenye kitambaa, kitambaa kwenye sinia, sinia mapajani mwa rafiki yangu, na mimi mbele nikiendesha gari. Ndiyo, mliosikia "dereva" mmesikia sawa.

Nikabaki nje barazani, chini ya dirisha, nimejibanza kama mwizi wa kuku.

Nasikia salamu. Nasikia kitambaa kinafunguliwa. Kisha kimya. Mjomba wa bi harusi alikaa London miaka mingi akikarabati vitabu vya kale, na mimi hilo nilikuwa sijaambiwa. Nasikia, "Nipeni miwani." Miwani ikaletwa. "Washeni taa." Ikawashwa. Bahasha ikageuzwa, karatasi naisikia. Ikageuzwa tena.

"Lakiri nzuri," akasema. Moyo wangu ukavimba.

"Lakini mshazari huu umeanzia kushoto kwa mwenye ngao."

Moyo ukasimama. Mwenye ngao huhesabiwa yuko nyuma yake, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwa anayeitazama. Nikatazama kidole changu. Juu kushoto kwangu, chini kulia kwangu. Kwenye lakiri, basi… Yaa Rabbi.

"Una maana gani, sheikh?" ami akauliza.

Mjomba akakohoa. Akakohoa tena. "Wazungu wa zamani wakiuona hivi husema mwenyewe ni… mtoto wa nje ya ndoa."

"HARAMU?" Mtaa wote ulisikia, hilo rafiki yangu hakutia chumvi. "Ndoa ya babake nilikuwa shahidi mimi!"

Kwa haki ya elimu, mshazari wa kushoto peke yake si tusi. Waingereza kwa watoto hao walitumia kifimbo chembamba kilichokatwa pande zote mbili, kisichofika kwenye kingo za ngao. Hayo niliyapigia kelele dirishani, na ndivyo wakwe walivyojua kuwa nipo.

Mengine mafupi. Niliingizwa ndani, nikaeleza asetoni mbele ya wazee, mjomba akacheka mpaka akatoa machozi, mama hajanisemesha tangu Ijumaa. Pete nitaisaga milimita moja na robo na kuichonga upya. Itabaki milimita moja na robo, nyembamba, kwa hiyo lazima karafuu za safari hii ziwe za juujuu. Mjomba ameagiza yake, na amesema mchoro ataugeuza yeye.

Posa imekubaliwa. Sharti lao moja: barua ya mahari ifungwe kwa gundi.