Wajawazito Wenye Hb 4

Siku ya mwisho ya kutuma ikisiri (muhtasari wa utafiti) za kongamano la madaktari ilikuwa Ijumaa, saa sita kasoro dakika moja usiku. Saa tano na nusu ndiyo kwanza nakaa mezani, nimetoka zamu ya leba, miguu imevimba kama ya wagonjwa wangu.

Utafiti wenyewe haukuwa wa kutikisa dunia. Mjamzito akipimwa Hb, yaani wingi wa damu, ikawa chini ya 11, tunasema damu imepungua. Nilitaka kujua kama wanaopewa vidonge vya kuongeza damu wanavimeza kweli au wanaviweka chini ya godoro. (Wanaviweka chini ya godoro.)

Sharti lilikuwa maneno 250, yangu 263. Nikatoa "sana", nikatoa "hata hivyo", bado 260. Nikamwuliza profesa wangu kwa WhatsApp nikate wapi. Akajibu: "Usiguse mbinu, usiguse matokeo, usiguse hitimisho." Kilichobaki ni kichwa cha habari.

Liwalo na liwe. Nikaibandika yote kwenye fomu, nikabonyeza. Mfumo ukahesabu: maneno 94.

Mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilipiga magoti. Na kwa kuwa nafasi ilikuwa tele, nikaongeza shukrani mwishoni: manesi wa kliniki, mama yangu mzazi, na mchungaji aliyetuombea tangu siku ya kwanza. Nikatuma, nikalala na koti.

Kijana wa kompyuta alikuja kunieleza baadaye. Mfumo ule ukiona alama ya "ndogo kuliko" unadhani ni amri ya kimashine, unameza kila kitu hadi ukutane na "kubwa kuliko". Mimi ya kwanza niliiweka kwenye Hb <11. Ya pili ilikuwa huko chini kabisa, kwa waliohudhuria kliniki mara >4. Katikati pale ndipo utafiti ulipokuwa.

Jibu lilipokuja, sikupewa nafasi niliyoomba ya kubandika bango la utafiti ukutani. Nimepewa jukwaa, ukumbi mkubwa, dakika 10! Nikashonesha suti.

Siku yenyewe mwenyekiti wa kikao, mzee bingwa wa magonjwa ya damu, akavaa miwani, akafungua kitabu cha kongamano na kusoma kwa sauti: "Tuliwafuatilia wajawazito wenye Hb 4. Wote walijifungua salama. Tunawashukuru manesi, mama mzazi, na mchungaji kwa maombi."

Mwenye Hb 4 hafuatiliwi, jamani. Anakimbizwa kuongezewa damu saa hiyohiyo. Profesa wangu, mstari wa mbele, alikuwa ameinama anatafuta kitu chini ya kiti.

Mzee akavua miwani. "Daktari, kabla hujaanza. Mliwaongezea damu chupa ngapi?"

"Hatukuwaongezea, mzee, sisi tuli..."

Mama mmoja nyuma kabisa akanyoosha mkono.

"Samahani, hilo kanisa liko wapi?"